Majike wawili wa uwani wamegeuka maadui (Malindi). Nianzie wapi?

UwaniCasuarina

Assalamu aleikum na habari zenu nyote. Niko Casuarina, Malindi. Uwani kuna mbwa wawili, wote majike, wote hawajafungwa kizazi. Malkia ana miaka 6, chotara wa German Shepherd, kilo 30 hivi. Chiku hajatimiza miaka 2, ni wa kienyeji, kilo 18. Chiku alikuwa akilala ubavuni mwa Malkia tangu utotoni. Tangu Kusi kuanza kuvuma wanapigana, na si kubwekeana tu, ni kuumana hadi damu. Mara nyingi huanzia getini pikipiki ya muuza samaki inapopita, au jioni chakula kinapotoka jikoni. Vita vya jana vimemwacha Chiku na sikio lililochanika na matundu mawili mguuni. Askari alimshika Malkia kola ili amvute, jino likamwingia kiganjani.

Majirani wanasema niwaache wamalizane, mmoja akishinda amani itarudi. Mwengine anasema nimfunge Malkia mnyororo. Naomba njia ya kufuata hatua kwa hatua, na nijue kama kuna matumaini hawa kukaa pamoja tena.

Mhudumu_Mifugo

Waaleikum salaam. Kabla ya mbwa, mkono wa askari.

Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, hata kama limeshalala usiku mzima. Sabuni ya kipande ya kufulia yatosha. Lisipakwe pilipili wala mafuta ya taa. Kisha aende hospitali leo hii. Kichaa cha mbwa dalili zikishajitokeza hakina tiba, lakini chanjo ikianzwa mapema humkinga mtu. Sindano hupigwa siku ya kuanza, kisha siku ya 3, ya 7 na ya 14, na vituo vingine huongeza ya 28. Aulizie na ya pepopunda. Piga simu kwanza hospitali ya kaunti ndogo ya Malindi ujue kama chanjo ipo. Ikiwa imeisha, atafutiwe kwengine siku hiyo hiyo. Asiambiwe arudi wiki ijayo naye akakubali.

Toa kadi za chanjo za mbwa wote wawili. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifika miezi 3, kisha hurudiwa kila mwaka. Hata kadi zikiwa sawa, uamuzi wa sindano za askari ni wa daktari. Malkia asiuawe wala asisafirishwe: afungiwe mahali salama atazamwe siku 10. Mbwa aliyekuwa na virusi vya kichaa kwenye mate siku aliyouma huugua na kufa ndani ya muda huo. Ukiona sauti imebadilika, taya imelegea, mate yanamtiririka, anakula vijiti na mchanga, msimguse, ipigieni simu ofisi ya mifugo.

Sasa Chiku. Tundu la jino hudanganya. Kwa nje ni dogo, lakini jino lilipoingia mbwa akatikisa kichwa, ngozi ilitengana na nyama kwa ndani, na uchafu wa mdomoni umebaki humo. Kata manyoya pembeni mwa tundu, suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Tundu liachwe wazi lichuruzike. Spiriti na Dettol kali huunguza nyama hai. Apelekwe kwa daktari wa mifugo ndani ya siku moja, maana usaha hujitokeza siku ya 3 hadi ya 5, na kwa joto la huku nzi wakishataga, mabuu huwa ndani kabla hujajua. Msimpe dawa za maumivu za watu. Diclofenac na ibuprofen humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo.

KolaNaKamba

Mwenzangu hapo juu ameanza panapostahili. Mimi nitasema ya vita vyenyewe.

Neno "waache wamalizane" liondoe kabisa. Mbwa wa nyumba moja hawamalizani. Kila vita huwafundisha kuwa mwenzake ni hatari, na vita vinavyofuata huanza upesi zaidi na kwa sababu ndogo zaidi. Majike wawili ndio wagumu kuliko wote: mara nyingi hupigana kwa kuumizana kweli na hukumbuka muda mrefu. Dume na jike hupatana kwa urahisi zaidi.

Umri wao nao unaeleza mengi. Kati ya mwaka 1 na 3 mbwa hukomaa kitabia. Alichokuwa akikiachia akiwa mtoto, kama sehemu ya kulala, mlango au bakuli, sasa anakitaka. Malkia naye kwa miaka 6 huenda ameanza kuumwa na viungo, na mbwa mwenye maumivu hataki kukaribiwa.

Getini ni jambo jengine. Pikipiki inapita, mbwa amepandwa na mori kwa kitu asichoweza kukifikia, na aliye karibu yake ni mwenzake. Anageuka na kumrarua. Hiyo si chuki ya zamani, ni mori uliokosa pa kwenda. Lakini ukirudiwa mara kadhaa unakuwa chuki ya kweli.

Wakishikana, mfanye hivi. Usiingize mkono kamwe, wala usishike kola. Mbwa aliye vitani huuma chochote kinachomgusa shingoni, hata mkono unaomlisha. Mpira wa maji uwe umeunganishwa na bomba muda wote, uelekezwe puani na machoni. Ndoo ya lita 20 ikimwagwa kwa ghafla huweza kuwaachanisha, ila mara moja tu, kwa hiyo mtu wa pili awe tayari. Wakiachana kidogo, ingiza ubao wa plaiwudi au meza iliyolazwa kati yao. Kama wameachiana meno lakini bado wanarukiana, watu wawili kwa wakati mmoja washike miguu ya nyuma juu ya goti, kila mtu mbwa wake, warudi kinyumenyume kwa kuzunguka ili mbwa asipate nafasi ya kugeuka na kuuma. Njia hii hufaa mkiwa watu wawili, si mmoja. Mtu mmoja akimvuta mmoja, yule mwengine anapata nafasi ya kumng'ata asiyeweza kujitetea. Na kama mmoja ameng'ang'ania nyama, msivute hata kidogo, mtaichana. Msipige fimbo pia, maumivu huchukuliwa kuwa yanatoka kwa adui aliye mbele.

Vita vikikatika, kila mmoja chumba chake, mlango umefungwa, mpaka kesho yake. Watu hukosea hapa: baada ya dakika 10 mbwa wanaonekana wametulia, mtu anafungua "wasameheane". Mwili bado umechemka.

Kuanzia leo wasikutane hata sekunde moja. Kati yao kuwe na vizuizi viwili, kwa mfano mlango wa banda na mlango wa uwa, ili mtu mmoja akisahau kimoja, kingine kiwepo. Ua wa makuti si kizuizi, jike la kilo 30 hupenya. Waya wa seng'enge uwekewe gunia au mabati upande wa chini, kwa sababu kutazamana mchana kutwa kwenye waya huwazidishia hasira. Kisha wapeane zamu: Malkia nje usiku, Chiku nje mchana, au kinyume chake. Wakati wa kubadilishana, aliye nje aingie kwanza na mlango ufungwe, ndipo wa pili atoke. Wekeni kipande cha mbao langoni, upande mmoja umepakwa rangi nyekundu kuonyesha kuwa kuna mbwa nje. Nyumba yenye mpishi, mtunza bustani na askari wa zamu hushindwa kwa sababu ya mtu ambaye hakuambiwa.

Chakula kitolewe kila mmoja akiwa ameshafungiwa. Dakika 10, kisha bakuli liondolewe hata likiwa tupu. Harufu ya ugali wa omena kwenye sufuria yatosha kuwasha vita. Mifupa isiwepo uwani kabisa, wala vichwa vya samaki vinavyotupwa chini ya mwarobaini na kufukiwa na mmoja wao.

UwaniCasuarina

Shukrani nyingi. Askari ameenda hospitali na ameanza sindano. Kadi ya Chiku ni ya mwaka jana, ya Malkia imepitwa na miezi, nitaifuatilia.

Maswali mawili. Kwanza, askari wa mchana ni Muislamu na hataki mate ya mbwa yamguse, kwa hiyo kuwatoa na kuwaingiza ni shida. Pili, nyumbani wanaamini anayeanza kunguruma apigwe ili ajue makosa. Mara nyingi anayenguruma ni Malkia.

ShelaPwani

Ndugu, la askari lina njia yake na halihitaji kumlazimisha mtu. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yetu huku pwani, najisi ya mbwa huhama kwa unyevu. Kavu kwa kavu haihamishi kitu. Kwa hiyo kamba iwe kavu na ndefu, mita 2, imevishwa mbwa kabla askari hajaja zamu, na ipitishwe juu ya msumari wa mlango ili askari aishike mwisho tu. Milango ya banda iwekewe kamba ya kuvutia kutoka nje ili afungue bila kuingia. Bakuli za chuma zisukumwe kwa fimbo yenye kulabu. Vijipande vya nyama vya kumtuliza mbwa virushwe chini, visitolewe kiganjani, na kwa mbwa wanaogombana hilo ndilo bora hata kwa asiye na wasiwasi na mate. Glavu za bustani zitundikwe mlangoni. Mate yakimgusa, anaosha mara saba, moja kwa udongo, anaendelea na kazi yake. Ndoo ya udongo safi na jagi la maji viwekwe karibu na kibanda chake, asiende kutafuta.

La kunguruma. Tafadhali msimpige. Kunguruma ni onyo, ni mbwa anasema "sogea" kabla ya kuuma. Ukimpiga kwa onyo atajifunza kunyamaza, hatajifunza kupenda. Kesho atauma bila sauti, na hapo hakuna mtu atakayewahi. Halafu anayenguruma si lazima ndiye mchokozi. Mtazameni Chiku: je, anasimama mlangoni kama kizuizi, mwili umekazwa, mdomo umefungwa, macho yamemkodolea Malkia bila kupepesa? Hiyo ndiyo cheche, na haina sauti yoyote. Malkia anajibu kwa kunguruma, kisha yeye ndiye anayepata kipigo.

Mnyororo hapana. Mbwa aliyefungwa hana pa kukimbilia, anajua hivyo, na ukali huongezeka. Mmoja akiwa mnyororoni na mwengine huru, aliye huru anaweza kumuua mwenzake.

Mhudumu_Mifugo

Narudi kwa upande wa mwili, maana mafunzo juu ya mbwa mgonjwa ni kazi bure.

Malkia akaguliwe viuno, magoti, meno na masikio. Huku kwetu unyevu ni mwingi na masikio huoza kwa ndani bila kuonekana. Ukinusa ukasikia harufu ya chachu, au akitikisa kichwa mara kwa mara, kuna maumivu. Muulize daktari kuhusu magonjwa ya kupe. Angalia kupe katikati ya vidole, ndani ya masikio na chini ya mkia. Mbwa mwenye homa ya kupe hupoteza hamu ya kula, fizi hupauka, na anakuwa mkali kwa kuguswa. Dawa ya kuzuia kupe itumike mwaka mzima, Malindi haina msimu wa baridi wa kuwapunguza.

Halafu joto, yaani siku za jike kutaka dume. Jike hupata joto takriban kila miezi 6 hadi 8, nalo hudumu wiki 2 hadi 3. Andika tarehe za vita na tarehe za joto kwenye karatasi moja. Vikiwa vinakutana, kufunga kizazi kutasaidia sana. Kumbuka pia wiki 6 hadi 8 baada ya joto: jike asiyepandwa huweza kupata mimba ya uongo, maziwa yakatoka, akachimba shimo na kulinda kiatu kama mtoto. Wakati huo humshambulia yeyote anayepita karibu, na watu husema amebadilika tabia.

Ila niseme ukweli: vita vya majike ambavyo havihusiani na joto havimalizwi na upasuaji peke yake. Fungeni vizazi kwa sababu nyengine nzuri, kuzuia watoto na usaha wa mfuko wa uzazi, lakini msitegemee amani kesho yake. Upasuaji ufanywe miezi 3 hivi baada ya joto kumalizika. Ukifanywa katikati ya mimba ya uongo, hali hiyo inaweza kuendelea kwa muda mrefu. Baada ya upasuaji, siku 10 hadi 14 kila mmoja peke yake, nyuzi zisivutwe.

KolaNaKamba

Kuwarudisha pamoja kusianze kabla majeraha hayajapona kabisa na daktari hajasema Malkia hana maumivu. Wiki 3 za kutengana ni kidogo, wengi huhitaji zaidi. Siku zake 10 za kutazamwa ziwe zimekwisha pia.

Wakati wa kungoja, wafundishwe kifunika mdomo aina ya kikapu, kile chenye matundu makubwa. Kile cha kitambaa kinachobana midomo kisitumike hapa kwetu. Mbwa hupoa kwa kuhema mdomo wazi, na kwa joto la Malindi ukimfunga mdomo atazimia. Kikapu kimruhusu kufungua mdomo na kunywa maji. Siku za mwanzo kishike tu, weka kijipande cha nyama ndani, aingize pua mwenyewe. Akizoea, funga mkanda sekunde 5, nyama, fungua. Ongeza taratibu mpaka dakika 10. Akikikwangua kwa miguu, umekwenda haraka, rudi nyuma.

Matembezi ya sambamba ndiyo kazi yenyewe. Watu wawili, kila mmoja na mbwa wake, mikanda ya kifua, kamba za mita 2 zisizovutwa. Pwani asubuhi mapema maji yanapotoka na mchanga haujapata moto panafaa, kwa sababu kuna nafasi na hakuna geti la kulinda. Chagueni upande usio na mbwa wa mitaani. Anzeni umbali wa mita 20, wote wakielekea upande mmoja, wasikutane uso kwa uso. Kila mmoja anapomtazama mwenziwe kisha akageuza kichwa, apewe nyama. Akikaza mwili, akinyanyua mkia wima au akikataa nyama, mpo karibu mno. Ongezeni mita 5. Umbali upunguzwe siku inapofuata siku tulivu, si ndani ya tembezi moja. Dakika 15 zatosha. Wakati wa kurudi, aliye mbele aingie ndani na mlango ufungwe, ndipo wa nyuma aingie. Watu wengi wanaharibu kazi nzuri ya pwani kwa kubanana langoni.

Wakiweza kutembea mita 2 wametulia kwa siku nyingi mfululizo, wakutane uwani na vikapu mdomoni, kamba zikiburura chini, dakika 3 hadi 5, hakuna chakula, hakuna kitu cha kuchezea, hakuna mtu aliyekaa chini kuwapapasa. Mkatize wakiwa bado wazuri.

MlinziWaUsiku

Nakubaliana na hatua zote, lakini dada au kaka wa Casuarina ameuliza kuhusu matumaini na hajajibiwa. Nitasema ninavyoona.

Matumaini huwa makubwa pale ambapo vita vina sababu inayojulikana na majeraha ni mikwaruzo. Hupungua wakiwa majike wote, wakitofautiana uzito kama hivi kwa kilo 12, na meno yakiwa yameshazama. Ninyi mna mabaya matatu na jema moja, nalo ni kubwa: vita vyenu vinajulikana vinapoanzia, getini na jikoni. Hivyo inafaa kujaribu kwa miezi kadhaa. Lakini Malkia akianza kumtafuta Chiku, yaani anapita mahali pengine pote kumfuata na kumshambulia akiwa amelala, basi kuwatenganisha maisha yote au kumtafutia mmoja nyumba ndiyo huruma. Nyumba hiyo isiwe na mbwa mwengine wa kike, na mwenyeji aambiwe historia yote bila kufichwa. Kumwacha mbwa pwani au kumtupa njia ya Gede ni kumpeleka akafe kwa njaa au kwa sumu. Na kama kuna watoto wadogo nyumbani, msingoje miezi. Mtoto huwa katikati kabla mtu mzima hajainuka kwenye kiti.

UwaniCasuarina

Hakuna watoto wadogo. La geti je, wakati bado wanapeana zamu? Muuza samaki anapita kila asubuhi na mbwa aliye nje anajipigiza kwenye nondo.

KolaNaKamba

Funika nondo za chini kwa mabati kufikia mita 1 na nusu, acha juu wazi kwa hewa na kwa askari kuona. Mbwa asipoona gurudumu, mori hupungua. Kisha ua mdogo wa waya mita 3 nyuma ya geti, ili mbwa asifike kwenye nondo kabisa. Hapo ulinzi haupungui, sauti yake inasikika nje vile vile.

Halafu zungumzeni na muuza samaki. Apige honi kona ya mbali, si mbele ya geti. Honi ikilia, askari anarusha vijipande 5 au 6 vya nyama upande wa nyuma wa nyumba, mbwa anakwenda kutafuta kwenye mchanga huku pikipiki inapita. Fanyeni kwa kila mmoja kwenye zamu yake, kila siku, nyama ianguke baada ya honi na isitangulie. Baada ya muda mtaona honi inalia na mbwa anamgeukia askari badala ya geti. Msijaribu hata mara moja kuwaweka wote wawili sehemu ya mbele ya nyumba kabla ya kuona hivyo kwa kila mmoja peke yake.